Maswali na Majibu: Programu Zinazoandika Programu

Barua nyingi za safari hii zinahusu usanisi wa programu, yaani zana inayopewa masharti au mifano ya kinachotakiwa, kisha yenyewe ikatafuta msimbo unaoyatimiza. Tumezifupisha, na zilizofanana tumeziunganisha.

Siku hizi naiambia akili mnemba iniandikie fanksheni, nayo inaniandikia. Usanisi wa programu ni hilohilo kwa jina kubwa zaidi, au kuna tofauti? (Mwanafunzi wa mwaka wa tatu)

Ni ukoo mmoja, ila dhamana unayopewa si moja.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1957 Alonzo Church aliuliza kama mashine inaweza kupewa sharti la kimantiki ikajenga saketi inayolitimiza. Büchi na Landweber walilijibu swali hilo mwaka 1969. Mwaka 1980 Manna na Waldinger walionyesha jinsi ya kuichomoa programu kutoka ndani ya uthibitisho: ukithibitisha kwamba kwa kila ingizo kuna tokeo linalofaa, uthibitisho wenyewe unakuonyesha namna ya kulipata.

Kazi za leo hutofautiana kwa jinsi unavyoeleza unachotaka. Unaweza kuandika masharti kwa mantiki. Unaweza kutoa mifano ya maingizo na matokeo yake. Unaweza kuandika programu nusu ukaacha mapengo, kama inavyofanyika katika zana iitwayo Sketch, ambako pengo huandikwa `??` na zana hutafuta thamani ya kulijaza. Au unaweza kueleza kwa lugha ya kawaida, kama ufanyavyo wewe.

Ukitumia masharti ya kimantiki, zana haikukabidhi programu mpaka iwe imehakikisha kwamba inayatimiza, ama kwa maingizo yote, ama kwa yote yaliyo ndani ya mipaka uliyoitaja. Ukitumia mifano, una uhakika wa mifano hiyo tu. Ukitumia maneno ya kawaida mbele ya modeli ya lugha, huna uhakika wowote mpaka ujitafutie mwenyewe. Umepewa pendekezo, mara nyingi zuri sana, lakini pendekezo. Kwa hiyo usijisumbue na jina la zana. Uliza ni nani anayekagua.

Naelewa kwamba zana "inatafuta". Lakini inatafutaje? Programu zinazowezekana hazina mwisho. (Mwanaprogramu wa mifumo midogo)

Njia inayotumika zaidi hugawa kazi pande mbili. Upande mmoja unapendekeza programu inayotimiza mifano michache iliyopo mezani. Upande wa pili unaikagua dhidi ya masharti yote. Ikikosea, unarudisha ingizo lililoiumbua, yaani mfano pinzani, nalo linaongezwa kwenye mifano. Armando Solar-Lezama na wenzake waliueleza mpango huu mwaka 2006 katika kazi ya Sketch, na zana nyingi bado zinaufuata.

Tuutazame ukifanya kazi. Tunataka wastani wa namba mbili, x na y, za baiti moja (0 hadi 255), sehemu ya desimali ikitupwa, na hesabu yote ibaki ndani ya biti 8. Vifaa vinavyoruhusiwa ni x, y, `+`, `&`, `|`, `^` (tatu hizi hulinganisha biti kwa biti: NA, AU, na AU-moja-tu) na kusogeza biti kulia mara moja, `>> 1`. Tunaanza na mfano mmoja tu: 0 na 0, jibu 0. Kutegemea mpangilio wa zana, mwendo unaweza kuwa hivi:

Pendekezo la kwanza ni `x`. Fupi kuliko yote, na kwa mfano uliopo ni sahihi. Mkaguzi anarudisha 0 na 2: jibu liwe 1, `x` inatoa 0.

La pili, `y >> 1`. Linapita mifano yote miwili. Mkaguzi anarudisha 2 na 0.

La tatu, `(x + y) >> 1`. Hili ndilo ambalo wengi wetu tungeliandika bila kufikiri. Mkaguzi anarudisha 200 na 100: jumla ni 300, ambayo haitoshei kwenye biti 8, inafurika na kubaki 44, nusu yake 22. Jibu sahihi ni 150.

La nne, `(x >> 1) + (y >> 1)`. Hapa hakuna kufurika tena, na 200 na 100 zinatoa 150. Mkaguzi anarudisha 1 na 1, maana kila upande umeitupa nusu yake na tokeo ni 0 badala ya 1.

Baada ya kukataliwa mara nyingine chache inafikiwa `(x & y) + ((x ^ y) >> 1)`. Mkaguzi hapati cha kurudisha. Sababu yake ni kwamba x + y daima ni sawa na mara mbili ya `x & y` ukijumlisha `x ^ y`; biti zinazofanana zimehesabiwa nzima, zinazotofautiana zimehesabiwa nusu.

Pendekezo la tatu si kosa la kubuni. Mwaka 2006 Joshua Bloch alieleza hadharani kwamba utafutaji wa nusu-kwa-nusu katika maktaba ya Java ulikuwa na kosa hilohilo: faharasa mbili zinajumlishwa kabla ya kugawanywa kwa 2. Lilikaa humo takriban miaka 9, kwa kuwa halijitokezi mpaka orodha ivuke vipengele bilioni moja hivi. Mkaguzi asiye na uchovu wa binadamu wala mazoea yake analikamata mara moja.

Kwa baiti, jozi zote ni 65,536, hivyo mkaguzi anaweza kuzipitia moja moja. Kwa namba za biti 32, jozi ni 2 kwa kipeo cha 64, na hapo kazi hupewa kitatuzi cha kimantiki kama Z3 au cvc5. Kinaulizwa: kuna x na y zozote ambazo kwazo programu hii inaenda kinyume cha masharti? Kikijibu hakuna, huo ni uthibitisho kwa jozi zote.

Kuhusu kutokuwa na mwisho, una haki kuogopa. Chukua vipande vitatu (x, y na 1) na alama tano za hesabu zinazounganisha viwili viwili. Ukiruhusu alama moja tu, michanganyiko ni 45. Alama mbili, 1,350. Tatu, 50,625. Nne, 2,126,250. Tano, 95,681,250. Zana inapunguza mzigo huo kwa kutupa marudio: kama `x + y` na `y + x` zinatoa majibu yaleyale kwa mifano yote iliyopo, inabaki moja, na kila kitu ambacho kingejengwa juu ya ile nyingine kinaanguka nayo. Wewe nawe unaweza kusaidia kwa kuondoa alama ambazo unajua hazitahitajika. Kuondoa alama moja kati ya tano kunasaidia kuliko kununua kompyuta yenye kasi maradufu.

Nimejaribu cvc5 nikataka fanksheni ndogo ya kupanga orodha. Ikanirudishia orodha tupu kwa kila ingizo! Zana ina hitilafu? (Msomaji anayejifunza mantiki)

Zana haina hitilafu. Umeipa sharti kwamba tokeo liwe limepangwa kutoka dogo kwenda kubwa, na orodha tupu imepangwa vizuri kabisa. Ukiongeza kwamba urefu usibadilike, utarudishiwa orodha ya sifuri tupu. Kinachokosekana ni hiki: kila thamani ionekane kwenye tokeo mara zilezile ilizoonekana kwenye ingizo.

Anza na kitu kidogo kuliko kupanga orodha. Hili hapa ni faili zima la kutafuta kubwa kati ya namba mbili, kwa lugha ya SyGuS ambayo cvc5 inaisoma:

```
(set-logic LIA)
(synth-fun kubwa ((x Int) (y Int)) Int)
(declare-var x Int)
(declare-var y Int)
(constraint (>= (kubwa x y) x))
(constraint (>= (kubwa x y) y))
(constraint (or (= (kubwa x y) x)
                (= (kubwa x y) y)))
(check-synth)
```

Lihifadhi kama `kubwa.sy`, kisha endesha `cvc5 --lang=sygus2 --tlimit=60000 kubwa.sy`. Hiyo 60000 ni kikomo cha muda kwa milisekunde, yaani dakika moja. Usikiache, kwa sababu utafutaji usio na kikomo unaweza kuendelea mpaka kumbukumbu ya mashine iishe. Jibu litakuwa `ite`, yaani ikiwa-basi-vinginevyo, linalochagua x au y. Linaweza kuja limeandikwa kwa mzunguko, kama vile kulinganisha tofauti ya x na y na sifuri badala ya kulinganisha x na y zenyewe. Maana ni ileile.

Sasa futa sharti la tatu uendeshe tena. Kuanzia hapo, "kubwa kati ya mbili, ongeza 7" ni jibu halali, na huna haki ya kulalamika ukilipata. Zoezi hili la kufuta sharti moja moja tunalipendekeza kwa kila anayeanza, maana linaonyesha kila sharti linazuia nini. Sharti ambalo ukilifuta hakibadiliki kitu ama ni la ziada, ama hukuliandika ulivyokusudia.

Kosa la upande wa pili ni masharti yanayopingana. Hapo zana ama inatamka `infeasible`, yaani haiwezekani, ama inazunguka mpaka muda uishe. Kabla hujailaumu, andika kwa mkono jibu la maingizo mawili matatu uone kama linapita masharti yako yote. Mara nyingi utashangaa kukuta hata jibu lako mwenyewe halipiti.

Kwenye Excel nina safu ya misimbo ya bidhaa kama KX-0417-B. Nataka 417 tu. Nikiandika mfano mmoja, kujaza kwa kubashiri kunafanya vizuri kwa mistari mingine na vibaya kwa mingine. (Mtunza kumbukumbu)

Unatumia usanisi wa programu bila kuambiwa. Kipengele hicho, Flash Fill, kilitokana na kazi ya Sumit Gulwani iliyochapishwa mwaka 2011, kikaingia Excel 2013. Kinatafuta programu fupi ya kukata na kuunganisha maandishi inayolingana na mifano yako.

Tatizo ni kwamba mfano wako mmoja unakubaliana na programu nyingi: herufi za 5 hadi 7, tarakimu tatu za mwisho za sehemu ya kati, au sehemu ya kati bila sifuri za mbele. Hizo tatu hutofautiana ukifika KX-0007-B au AB-12050-C. Usiongeze mfano wa tatu na wa nne unaofanana na wa kwanza, haufundishi chochote. Tafuta mistari ambayo tafsiri hizo zinagombana, ujaze miwili ya aina hiyo kwa mkono, ndipo ubonyeze Ctrl+E.

Kumbuka pia kwamba matokeo yake ni maandishi yaliyokwisha kujazwa. Ukibadilisha safu ya asili, hayafuati. Kama data inaingia kila siku, pata fomula.

Nimeiachia zana usiku kucha itafute fanksheni yenye kitanzi: urefu wa mfululizo mrefu zaidi wa namba zinazopanda ndani ya orodha. Asubuhi bado inazunguka. (Mwanaprogramu)

Kitanzi ndicho kinachoziua zana hizi. Kukagua msimbo usio na kitanzi ni swali moja kwa kitatuzi. Kukagua kitanzi kwa orodha za urefu wowote kunahitaji pia sharti lisilobadilika, yaani kauli ambayo ni kweli kila kitanzi kinapoanza duru mpya, na kuitafuta kauli hiyo ni kazi nyingine ngumu ndani ya ile ya kwanza. Baadhi ya zana, Sketch ikiwemo, hukwepa kwa kukunjua kitanzi idadi fulani ya duru na kufunga ukubwa wa namba. Hapo "sahihi" inamaanisha sahihi ndani ya mipaka hiyo tu. Soma mipaka hiyo kabla hujashangilia.

Kazi yako inaweza kukatwa. Kitanzi chenyewe kiandike kwa mkono, kwani ni cha kawaida: pitia kila namba, beba hali. Hali ina vitu vitatu: namba iliyotangulia, urefu wa mfululizo wa sasa, na urefu mkubwa uliokwisha kuonekana. Zana iachie tu hatua moja: ukipewa hali na namba mpya, toa hali mpya. Hiyo haina kitanzi.

Mifano yake unaiandika moja kwa moja. Hali (5, 2, 3) ikikutana na 8 iwe (8, 3, 3). Hali (8, 3, 3) ikikutana na 9 iwe (9, 4, 4). Hali (9, 4, 4) ikikutana na 1 iwe (1, 1, 4). Usisahau ya namba zinazolingana: (1, 1, 4) ikikutana na 1 iwe (1, 1, 4), maana "kupanda" hapa hatukukusudia "kutoshuka". Bila mfano huo wa mwisho, zana iko huru kuchagua `>` au `>=`, na itachagua yoyote itakayoifikia kwanza.

Sehemu tatu za hali zitafute kila moja peke yake. Ya kwanza ni namba mpya tu. Ya pili ni ikiwa-basi moja. Ya tatu ni kubwa kati ya ile iliyokuwepo na ile ya pili mpya. Utafutaji tatu mdogo unakwisha mapema. Mmoja mkubwa wa zote kwa pamoja ndio uliokulaza macho. Mwisho, linganisha programu nzima na ile ya polepole inayojaribu kila kipande cha orodha, kwa orodha zote za urefu 0 hadi 5 zenye namba 0 hadi 3. Hizo ni 1 + 4 + 16 + 64 + 256 + 1,024, jumla 1,365. Orodha tupu utaiamulia wewe: tungeipa 0.

Timu yetu inaandikiwa fanksheni na modeli ya lugha, na majaribio pia yanaandikwa nayo. Yote yanapita, na bado hitilafu zinafika kwa wateja. (Kiongozi wa timu)

Kama modeli imeelewa vibaya ulichotaka, itaandika fanksheni kwa uelewa huo mbaya na majaribio kwa uelewa huohuo. Vinakubaliana, lakini havijakukubalia wewe.

Hata vipimo vya kitaaluma vimeshikwa na jambo hili. HumanEval, seti ya maswali 164 iliyotolewa mwaka 2021 kupima modeli hizi, ilikuwa na majaribio machache kwa kila swali. Mwaka 2023 watafiti waliyaongeza takriban mara 80, na majibu mengi yaliyokuwa yamehesabiwa sahihi yakaanguka.

Rudisheni mgawanyo wa mpendekezaji na mkaguzi. Modeli ipendekeze, mkaguzi atoke kwenu. Tuseme mnataka fanksheni `gawa(jumla, n)` inayogawa kiasi kamili katika mafungu n yanayokaribiana. Modeli itakupeni jaribio `gawa(100, 4)` litoe 25 mara nne, na utekelezaji unaogawanya tu na kutupa baki utalipita. Kwa `gawa(100, 3)` huohuo utatoa 33 mara tatu, na 1 imepotea. Basi kabla ya kuomba msimbo, andikeni sifa: mafungu yawe n, jumla yake iwe sawa na kiasi cha awali, fungu kubwa lisizidi dogo kwa zaidi ya 1. Kisha amueni n ikiwa 0, na kiasi kikiwa hasi. Hayo mawili modeli haiwezi kuyajua; ni uamuzi wa biashara yenu.

Sifa hizo zinaendeshwa na zana za aina ya QuickCheck, iliyotoka mwaka 2000 kwa ajili ya Haskell. Kwa Python ipo Hypothesis, ambayo kwa kawaida hutunga maingizo 100 kwa kila jaribio na, ikipata linaloangusha, hulipunguza mpaka lililo dogo. Ongezeni idadi hiyo hadi elfu kadhaa kwa fanksheni nyeti. Muda wake ni mdogo.

Jaribio likianguka, irudishieni modeli ingizo hilo dogo, tokeo lililopatikana na sifa iliyovunjika. Msirudishe ukurasa mzima wa makosa. Baadhi ya mifano ifichwe isionwe na modeli kabisa, itumike mwishoni tu, maana modeli inayoona mifano yote wakati mwingine huandika `if` kwa kila mmoja. Tunaona mara tatu au nne za kurudishiana zinatosha. Ikishindikana, kasoro iko kwenye maelezo, yaandikwe upya badala ya kuendelea kubembeleza.

Yako mambo mawili ambayo timu husahau. La kwanza, msimbo mpya uendeshwe kwenye mazingira yaliyofungwa, bila mtandao, na kikomo cha sekunde chache. Pia hakikisheni kila maktaba iliyotajwa ipo kweli kabla ya kuisakinisha; modeli hutunga majina, na wahalifu wameshajua kuyasajili majina hayo wakaweka msimbo wao. La pili, yapimeni majaribio yenyewe. Badilisheni `>` iwe `>=`, au futeni mstari mmoja wa fanksheni, kisha mwendeshe. Kama yote bado yanapita, majaribio hayo hayalindi chochote.

Vipi zana zinazorekebisha hitilafu zenyewe? (Swali la simu)

Ni kazi ileile, ila mabadiliko yanatafutwa kwenye msimbo uliopo mpaka majaribio yote yapite. GenProg ilianza kuvuma mwaka 2009. Uchambuzi wa viraka vyake uliochapishwa mwaka 2015 ulikuta kwamba vingi vilikuwa sawa na kufuta tu sehemu ya programu: jaribio lililokuwa likianguka linapita, na kazi iliyofutwa haina jaribio la kuilinda. Kiraka cha mashine kikiwa na mistari mingi inayoondolewa kuliko inayoongezwa, soma kila mstari.

Kuna programu kubwa zinazotumia msimbo wa namna hii, au bado ni mambo ya maabara? (Msomaji mwenye mashaka)

Zipo, na huenda unatumia moja sasa hivi. Hesabu kadhaa za ndani za usimbaji fiche katika BoringSSL, maktaba inayotumiwa na Chrome, zilizalishwa na zana ya Fiat Cryptography pamoja na uthibitisho wa usahihi wake. Mfumo wa AlphaDev, uliotangazwa mwaka 2023, ulipata njia fupi zaidi za kupanga mfuatano wa namba chache, tatu hadi tano, zikaingizwa katika maktaba ya C++ ya LLVM. Zote ni vipande vidogo vinavyoitwa mara nyingi mno, na usahihi wake unaelezeka kwa ufupi. Hapo ndipo zana hizi hulipa. Mfumo mzima wa kusajili wateja hauna sharti la mistari mitatu, na hatujaona wa kuutunga.

Tukishapata fanksheni kwa njia hii, tuhifadhi nini kwenye hazina ya msimbo: programu iliyozalishwa, au masharti yaliyoizalisha? (Timu ya watu wanne)

Vyote viwili, folda moja. Pamoja navyo wekeni toleo kamili la zana, kikomo cha muda, namba ya mbegu kama utafutaji una bahati nasibu, na amri yenyewe iliyotumika. Ikiwa ni modeli ya lugha, hifadhini maelezo mliyoiandikia na jina kamili la modeli, ingawa msitarajie itatoa jibu lilelile tena.

Msizalishe upya kila mnapojenga programu. Toleo jipya la kitatuzi linaweza kuleta jibu jingine, sahihi vilevile kwa masharti yenu, lakini lenye kasi tofauti au linalotofautiana pale ambapo masharti yalinyamaza. Zalisheni kwa makusudi, mtu asome tofauti, majaribio yaendeshwe, ndipo libadilishwe.

Na mtu asihariri faili lililozalishwa kwa mkono. Wekeni onyo mstari wa kwanza, na jaribio linalolinganisha alama ya utambulisho ya faili (hash) na ile iliyohifadhiwa, maana onyo peke yake halisomwi. Anayetaka tabia tofauti abadilishe masharti, aendeshe upya. Akishindwa kuyabadilisha kwa sababu hayaelewi, hayo masharti yanahitaji maoni pembeni ya kila sharti: limewekwa kuzuia nini, na ingizo gani lililolilazimisha.